Mlango wa Kalamu Nyekundu

"Nani amechora mtu huyu?"

Laurean hakuuliza kwa hofu. Aliuliza kwa uchovu, maana asubuhi ile ya Jumatatu alishauliza mengi na hakuna lililojibiwa: nani kaondoka na ufunguo wa choo, kwa nini bati la studio limetoboka palepale lilipozibwa, na ile barua ya kuomba wino wa printa, iliyoandikwa tangu Februari, imelala meza ya nani. Alikuwa mkuu wa Idara ya Usanifu Majengo katika chuo kimoja kidogo cha Kibaha, dakika kumi kwa miguu kutoka kituo cha Kwa Mathias. Jumatano saa tano asubuhi wakaguzi wa ithibati walikuwa wanakuja kuamua kama Idara iendelee au ifungwe. Zimebaki siku mbili, na sasa kwenye mchoro wa nyumba ya kijiji cha Masaki, Kisarawe, ndani ya chumba cha katikati, kuna mtu kasimama.

Mtu mwenyewe alikuwa mdogo kama njiti ya kiberiti. Wasanifu huchora watu wa namna hiyo kila siku, ili anayetazama ajue dari lina kimo gani. Lakini huwachora barazani au mlangoni, wakitembea. Huyu alikuwa kwenye kona, uso ukutani, mgongo kwa mlango.

"Mimi sikumchora, Mwalimu," alisema Tunu. Alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, mtoto wa Mlandizi, na mchoro ule ulikuwa kazi ya mikono yake.

"Basi kajichora mwenyewe. Mfute."

Tunu akachukua wembe. Ndivyo wino unavyofutwa kwenye zile karatasi nyororo zinazopitisha mwanga: unakwangua taratibu mpaka ngozi ya juu itoke. Akakwangua, akapuliza vumbi, mtu akaondoka. Saa saba mchana, waliporudi kutoka kula, alikuwepo tena. Safari hii hakuwa kwenye kona. Alikuwa katikati ya chumba, na amegeuka ubavu.

Laurean akasema kuna mwanafunzi anafanya mzaha, na akimpata atamrudisha kwao. Akaenda kugombana na fundi wa bati.

Ili mtu aelewe jinsi watu wenye akili zao timamu walivyojitafutia balaa, ni lazima aijue kazi ya Idara hii. Ilianza miaka thelathini na moja iliyopita katika ghala lililokuwa la korosho, ikiwa na meza sita na mwalimu mmoja, Profesa Abdulwahab, ambaye sasa ni marehemu. Kompyuta hawakuwa nayo. Profesa akaweka desturi: kila mwaka, wanafunzi watakwenda kijiji kimoja cha Kibaha au Kisarawe, watachagua nyumba ya zamani, wataipima kwa tepu kila ukuta, kila boriti, na kuichora kwa mkono. Hivyo kabati la chuma la Idara likawa na nyumba thelathini na moja. Kumi na tisa kati yake zilishaanguka, na mahali pake pana mihogo au maduka. Zimebaki kwenye karatasi tu. Hiyo ndiyo historia ya Idara na ndiyo mali yake, na Laurean alikuwa ameilinda kwa miaka ishirini na miwili dhidi ya mvua, mende na wakuu wa chuo waliotaka kabati liondolewe ili papatikane nafasi ya kiti cha wageni.

Mchwa hakuweza kuwazuia. Walikula mchoro wa kwanza kabisa, nyumba ya Masaki, wakabakiza kipande cha ukubwa wa kiganja. Kwa kuwa wakaguzi walitaka kuona kazi zote bila pengo, Tunu alitumwa Masaki kuipima upya. Akakaa kule siku nne, akarudi na mchoro safi ajabu, wenye kasoro moja. Katikati ya nyumba palikuwa na chumba kisicho na mlango.

"Ulikipimaje kama hukuingia?" Laurean alimuuliza mbele ya darasa, wiki moja kabla ya Jumatatu ile.

"Nimepima vyumba vyote vinavyokizunguka, Mwalimu. Ukijumlisha na kuta, nyumba inabakiwa na mita mbili na nusu ambazo hazina mwenyewe. Bibi mwenye nyumba amesema kipo, na kisiwekewe mlango hata kwenye karatasi."

"Bibi mwenye nyumba ana shahada ya usanifu?"

Darasa likacheka. Tunu akatoa kile kipande kilichoachwa na mchwa. "Hata Profesa alikiacha hivihivi."

"Profesa alikuwa na presha na macho mabovu. Unataka wakaguzi waseme watu wangu hawajui kwamba mtu huingia chumbani kwa mlango?" Akafungua kalamu yake nyekundu, akachora mlango kwenye nakala ya mchoro, katika ukuta wa chumba kile, upana sentimita tisini, unaofunguka kwa nje. Chini yake akaandika RUDIA. Kisha, kwa kuwa muda ulikuwa umekwisha na hakumwamini mtu mwingine, alichukua mwenyewe kalamu ya wino na kuuchora ule mlango kwenye mchoro safi wa kuonyeshwa wakaguzi.

Kuuliza si ujinga, watu husema hivyo kila siku. Lakini mwulize mwenye shahada mbili mara ya mwisho aliuliza lini.

Jumanne saa tatu asubuhi Mzee Hilario, mhudumu wa Idara, alimfuata ofisini akiwa na ufagio mkononi. Alikuwa mtu wa kanisani, mpole, asiyependa maneno mengi.

"Mkuu, kule chumba cha kabati kuna nani?"

"Hakuna mtu. Ufunguo ninao mimi."

"Kuna mtu anapima."

Wakaenda wote wawili, wakasimama nje ya mlango uliofungwa. Mwanzoni Laurean hakusikia kitu ila magari ya barabara ya Morogoro. Kisha akaisikia, sauti aliyoishi nayo maisha yake yote ya kazi: tepu ya chuma ikivutwa polepole, krrrr, ikatulia kidogo kama mtu anasoma namba, halafu ikaachiwa, chwa, ikarudi kwenye kopo lake. Ikavutwa tena. Akafungua mlango kwa hasira. Ndani palikuwa na kabati, meza, na harufu kali ya maganda ya korosho yanayoungua, ile inayokaba koo, katika ghala ambalo halijaona korosho kwa miaka thelathini na moja.

"Na hizi namba za simu nani kaziandika?" Hilario alinong'ona, akionyesha ukuta wa korido. "Nilizifuta jana. Leo zimerudi."

Hazikuwa namba za simu. Ilikuwa mistari mifupi ya penseli, mmoja juu ya mwingine, na pembeni ya kila mstari namba ya tarakimu nne, kwa mwandiko mzuri kuliko wa mwalimu yeyote pale. 1710. 1650. 1580. Laurean alizielewa mara moja, maana wasanifu huandika vipimo vyao kwa milimita, na kwenye ukuta, kutoka sakafuni, hivyo vilikuwa vimo vya watu.

"Wewe una urefu gani, Mzee?"

"Zamani nilipimwa mita moja sabini na moja."

Tunu alikuwa amefika nyuma yao. Hakuulizwa. Alitazama ule mstari wa chini kabisa, akavuta ushungi wake, akasema kwa sauti ndogo kwamba yeye ni mita moja hamsini na nane.

"Nendeni mkanywe chai," alisema Laurean. Alikasirika. Alikasirikia ukuta, alikasirikia wakaguzi, alikasirika kwamba miaka ishirini na miwili ya kupigania kabati moja inaishia kwenye mambo ya kuambiana jikoni. Akabaki peke yake koridoni na kitambaa chenye maji, akaanza kusugua zile namba. Umeme ukakatika, kama kawaida yake. Feni ya ofisini ikapunguza mzunguko, ikasimama, na katika ule ukimya harufu ya maganda ya korosho ikaja karibu, ikawa nyuma yake, na kabla hajageuka akasikia ncha ya chuma, baridi, ikimgusa kisigino cha kulia, ikibanwa pale kama fundi anavyobana ncha ya tepu kwa kidole cha mguu, na ule utepe ukaanza kupanda, krrrr, ukipita nyuma ya goti, ukipita kiunoni, ukipita uti wa mgongo mfupa mmoja baada ya mwingine bila haraka yoyote, mpaka ukafika utosini, ukatulia, na kitu kikapumua juu ya kichwa chake kama mtu anayesoma namba na kutaka kuhakikisha. Kisha chwa. Mbele ya macho yake, kwenye sehemu ya ukuta aliyotoka kuisugua, ikiwa bado imelowa, mstari ukajichora na namba ikajiandika. 1680.

Akakimbilia mchoro wa Masaki. Chumba cha katikati kilikuwa kitupu. Mlango aliouchora umefungwa, kwa mkono wake mwenyewe, ulikuwa wazi, na yule mtu mdogo hakuwepo popote.

Hakubishana tena. Alimwita Tunu, wakapanda gari mpaka Kisarawe mjini, na kutoka pale bodaboda mbili mpaka Masaki, kila mmoja ya kwake, mchoro umeviringishwa ndani ya bomba la plastiki mgongoni mwa Laurean. Njiani walipishana na pikipiki za mkaa.

Bi Mwanakheri walimkuta anamenya muhogo mbele ya nyumba. Alikuwa mwanamke mkavu wa miaka themanini hivi, mwenye macho ya kuchoka kuambiwa vitu. Nyuma yake nyumba ilikuwa imefunguka kama kinywa: ukuta mzima wa nyuma ulikuwa chini, na chumba cha katikati kilionekana mpaka ndani, sakafu ya udongo, tupu.

"Shikamoo, mama," alisema Laurean.

"Marahaba. Wewe ndiye mwalimu uliyemkatalia mjukuu wangu huyu."

"Ndiyo, mama."

"Mmempa mlango."

Tunu akajibu kwa niaba yake. "Tumempa, bibi."

"Nilijua. Ukuta huu umeanguka wiki iliyopita. Kiangazi, hamna mvua, hamna upepo. Nikachungulia ndani, nikaona hamna mtu, nikasema huyu kahama, sijui kahamia wapi." Akatupa ganda la muhogo. "Kumbe kwenye ile nyumba yenu. Na kwa nini asihame? Yangu imeoza. Yenu ni mpya na ina mlango."

Akawaeleza kwa ufupi, maana hakupenda kulitaja sana. Babu wa marehemu mumewe alikata msitu kupanda mikorosho, na kwenye msitu palikuwa na mwenyewe, jini. Watoto wakaanza kupotea mmoja mmoja mchana kweupe. Mganga akaja, akasikilizana na yule jini: atajengewa chumba katikati ya nyumba ya watu, apate joto la watu na sauti zao, ila mlango hatapewa. Akaingia, ukuta ukafungwa. Miaka yote ile hakusumbua.

"Profesa wenu alikuja hapa," alisema. "Aliniuliza mara tatu, kwa nini, kwa nini, kwa nini. Nikamwambia. Akaandika, akala muhogo wangu, akaenda zake. Huyo alikuwa msomi."

"Anatupima, mama," Laurean alinong'ona. "Anapima watu."

Kisu cha Bi Mwanakheri kikasimama. "Anatafuta wa kumwacha chumbani mahali pake. Akishampata, hatarudi tena. Binti, kakupima?"

"Kanipima."

"Basi sikiliza, mwalimu. Aliyempa mlango ndiye atakayeuziba, kwa mkono wake, si wa mwingine. Na auzibe wakati jini yuko ndani. Huyu hutembea asubuhi na jioni na usiku, lakini saa sita mchana, jua likiwa utosini na kitu hakina kivuli, hurudi chumbani kulala. Ni kitambo kidogo tu. Kikipita, mpaka kesho yake."

"Kesho saa tano nina wakaguzi."

"Waambie wasubiri," alisema Bi Mwanakheri, akaendelea kumenya.

Mtu aliyewahi kungoja wageni wa serikali anajua kilichotokea. Saa tano ilifika, wakaguzi hawakufika. Saa tano na nusu wakapiga simu kwamba wako kwenye foleni Kiluvya. Laurean alikuwa studio, mchoro umebandikwa mezani kwa gundi ya karatasi, wembe mpya kulia, kalamu ya wino kushoto, jasho likimtiririka. Nyumba nyingine thelathini zilikuwa zimetundikwa ukutani kuzunguka chumba. Tunu alisimama upande wa pili wa meza kwa sababu Laurean alimkataza kwenda mahali asipoweza kumwona.

Saa sita kasoro dakika tatu, gari likaingia uani.

"Wamefika, Mkuu," Hilario alisema mlangoni. "Niwaambieje?"

"Waambie chochote."

Harufu ilitangulia. Kisha kwenye karatasi, bila kalamu, wino ukakusanyika kwenye kizingiti cha ule mlango, ukaingia chumbani, ukasimama, ukawa mtu. Hakuwa na ukubwa wa njiti tena. Kichwa chake kiligusa boriti, na kutoka mkononi mwake ulitoka mstari mwembamba ulionyooka, ukatoka nje ya chumba, ukatoka nje ya nyumba, ukavuka ukingo wa karatasi.

"Mwalimu," alisema Tunu polepole sana. "Kuna kitu kimenishika kisigino."

"Usisogee."

Akashika wembe, akaanza kukwangua ule mlango alioupenda sana, fremu ya kwanza, fremu ya pili, ule upinde unaoonyesha unavyofunguka, na huku anasikia tepu ikivutwa chini ya meza na Tunu akivuta pumzi fupifupi kama mtu aliyetiwa kwenye maji ya baridi, na sauti za watu wenye viatu vya ofisini zikija koridoni, zikicheka jambo la foleni, na mlango wa studio ukafunguliwa nyuma yake na sauti ya mwanamke ikasema, "Mkuu, ndiyo unachora leo?" naye hakugeuka, alitupa wembe, akashika kalamu, akaweka rula, na mkono, kwa mazoea ya miaka thelathini, ukavuta mstari wa kwanza wa ukuta, kisha wa pili, kutoka kona mpaka kona, bila kuinua kalamu.

Chwa.

Tunu akakaa chini sakafuni. Harufu ikaisha pale pale, kama mtu kafunika sufuria. Ndani ya chumba yule mtu alikuwa amerudi udogo wake, kwenye kona, uso ukutani.

Mkuu wa wakaguzi aliitwa Imakulata, msanifu mwenye jina, mwanamke makini aliyesoma kila karatasi aliyopewa. Laurean alimpa maji, akaomba radhi, akamwonyesha nyumba zote, na alizieleza vizuri kuliko siku yoyote kwa sababu alikuwa na furaha ya mtu aliyepona. Imakulata alipendezwa. Alisema hajaona hazina kama hii chuo chochote. Kisha akasimama mbele ya Masaki.

"Chumba hiki hakina mlango."

"Hakina," alisema Laurean.

"Kwa nini?"

"Mwenye nyumba amesema kisiwekewe."

Imakulata akatabasamu. "Mwenye nyumba ana shahada ya usanifu?"

Wenzake wakacheka. Laurean alimtazama Tunu, na Tunu akatazama chini.

"Sikilizeni, kazi ni nzuri, sitaki kuwaangusha kwa kosa la kusahau," alisema Imakulata. Akachukua nakala ya fotokopi aliyotolewa muda ule kwa ajili ya jalada lake, akatoa kalamu nyekundu kwenye mkoba. Laurean alinyoosha mkono. Alitaka kusema. Aliyaona maneno yote: jini, mganga, Masaki, saa sita, na akaiona barua ya kuifunga Idara ikiwa na sababu ya kwanza kwamba mkuu wake amechanganyikiwa, na kabati la chuma likibebwa nje na vibarua. Akaurudisha mkono. Imakulata akachora mlango, upana sentimita tisini, unaofunguka kwa nje.

"Idara imepita," alisema, akakunja nakala na kuitia mkobani. "Kwa sharti hili dogo tu."

Laurean akamfungulia mlango wa studio.

Walikula wali na kuku siku ile, na mkuu wa chuo akatoa hotuba. Koridoni hapakuwa na namba. Alhamisi palikuwa kimya, Ijumaa palikuwa kimya. Tunu hakumwambia tena neno ila shikamoo.

Jumatatu simu yake ikalia. Ilikuwa Imakulata, anapiga kutoka ofisini kwake mjini.

"Mwalimu, naomba nikuulize jambo dogo. Ile nakala ya Masaki nimeibandika hapa ukutani. Mlichora mtu ndani ya kile chumba?"

"Yupo kwenye kona," alisema Laurean. "Mdogo."

"Ndiyo, nilimwona Alhamisi. Sasa hayupo." Akacheka kidogo. "Labda macho yangu. Halafu kuna mtu kaniandikia namba ukutani nyuma ya kiti. Penseli. Elfu moja mia sita na ishirini. Wafagizi wote wanakana."

Laurean alikuwa ameshasimama. "Msanifu, urefu wako ni ngapi?"

Kiti cha Imakulata kikakwaruza sakafu. Alikuwa msanifu, hakuhitaji kuelezwa namba ya tarakimu nne ni nini. Kisha Laurean akaisikia, ndani ya simu, karibu na mdomo wa simu kuliko pumzi ya mwenye simu, tepu ya chuma ikivutwa taratibu.

"Tafuta wembe," alimwambia. "Ule mlango uukwangue, uchore ukuta, na ni lazima uwe wewe mwenyewe. Unanisikia? Jua likiwa utosini, yeye akiwa ndani."

"Saa ngapi hiyo?" Sauti yake ilikuwa ndogo kama ya mtoto.

Laurean akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa nane kasoro robo mchana.